Vijana Waliokata Tamaa na Wale Waliowahesabu

Mtu apandaye kutoka mji wa Murang'a kwenda Kangema huiona nchi iliyokunjamana kama nguo iliyokamuliwa: mgongo wa ardhi, kisha bonde na mto, kisha mgongo mwingine, mpaka macho yafike kwenye msitu wa Nyandarua. Chini kuna mibuni, juu kuna chai. Katika migongo hiyo Wakikuyu wamelea watoto wao vizazi na vizazi, na malezi yao yameandikwa sana. Jomo Kenyatta aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, L. S. B. Leakey aliyaeleza katika vitabu vitatu vinene vilivyochapwa mwaka 1977, baada ya kufa kwake. Tohara, ndoa, mashamba, sadaka na vita, yote yana kurasa zake. Lakini liko jambo moja ambalo wazee hawakupenda kulitaja, na ambalo wageni walipolitaja walilikosea: kwamba wako vijana, wavulana kwa wasichana, wafikao mahali pa kuyachoka maisha yao wenyewe, na kwamba wengine kati yao hujitoa uhai.

Insha hii yahusu vijana hao. Haikuandikwa ili kumtisha msomaji, wala haitaeleza namna mtu yeyote alivyokufa, kwa maana habari za namna hiyo hazimsaidii aliye hai. Inataka kujibu swali la historia: kwa nini tumechelewa hivi kuwajua? Na ndani ya swali hilo liko jingine: kwa nini hesabu ya wavulana haifanani na hesabu ya wasichana?

Kwa Wakikuyu wa zamani mambo mengi yaliyovunja utaratibu wa maisha yalileta uchafu ulioitwa thahu, na kifo cha mtu aliyejiua kililetea nyumba yake thahu kubwa. Mundu mugo, yaani mganga, aliitwa kuja kutakasa. Jambo likiisha kutakaswa lilifunikwa, na aliyelifunua alionekana kuwa anaurudisha uchafu mlangoni. Tusiwahukumu wazee hao upesi. Desturi yao ilikusudiwa kuwalinda waliobaki, hasa watoto wa nyumba ile, wasije wakaandamwa na jina baya. Ila kinga ile ilikuwa na gharama yake: kijana aliyekuwa na wazo hilo moyoni hakuwa na neno la kulisemea, kwa kuwa kulitamka tu kulikuwa kama kuita msiba.

Mwaka 1902 wamisionari wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, si mbali na Kangema, kwa mwaliko wa Karuri wa Gakure, aliyekuwa mkuu wa sehemu hizo. Wamisionari wa Kianglikana nao walijenga vituo vyao katika migongo ya Murang'a. Madhehebu haya mawili yalibishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya jambo letu yalikubaliana. Kitabu cha sala cha Waingereza cha mwaka 1662 kilikataza ibada ya maziko isisomwe juu ya mtu aliyejiua. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimnyima maziko ya kanisa aliyejiua kwa kusudi lake. Katazo hilo la Wakatoliki halimo tena katika sheria mpya ya mwaka 1983, na makasisi wengi wa leo huzika na kufariji. Lakini kwa miaka mingi mzazi Mkristo wa Kangema aliyepatwa na msiba huo alikuwa na sababu mbili za kunyamaza, ya mababu na ya kanisa, mahali ambapo baba yake alikuwa na moja.

Serikali ikaleta ya tatu. Tangu mwaka 1897 Waingereza walitumia katika nchi hii sheria ya jinai waliyokuwa wameitunga kwa ajili ya India, nayo ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Kenya ilipopewa sheria yake ya adhabu mwaka 1930, jambo hilo likaingizwa humo, na baadaye likajulikana kuwa kifungu cha 226. Adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka miwili. Uingereza yenyewe iliifuta sheria kama hiyo kwake mwaka 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kupata uhuru. Kenya huru ilirithi kitabu kizima cha sheria, na kifungu hicho kikarithiwa pamoja nacho, kama mtu anunuaye nyumba akakuta kaburi uani.

Sasa twende kwa mtu mmoja ambaye maandishi yake yalisomwa sana, na ambaye makosa yake yatatufaa kuliko usahihi wa wengine wengi. Mwaka 1938 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, alikabidhiwa hospitali ya Mathari huko Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuwa mahali pa kuwaweka watu wenye wazimu. Alipopewa kazi hiyo hakuwa bingwa wa maradhi ya akili. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Alikaa hapo miaka kumi na miwili, akawahesabu wagonjwa wake, akaona kwamba wenye ugonjwa wa huzuni nzito walikuwa wachache mno kati ya Waafrika. Juu ya msingi huo mdogo akajenga nyumba kubwa. Alisema Mwafrika hapatwi sana na huzuni ile kwa kuwa hajilaumu. Lawama yake humtupia mchawi, au jirani, au mizimu. Na kwa sababu hiyo kujiua ni nadra kwake. Shirika la Afya Duniani lilichapa kitabu chake mwaka 1953. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapa maandishi yake mengine juu ya vita vya Mau Mau, ambamo aliunga mkono mpango wa kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji. Mpango huo ulitekelezwa kwa nguvu kuanzia mwaka huohuo: zaidi ya watu milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu waliondolewa katika nyumba zao za migongoni, wakasongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa kwa silaha. Kama palikuwa na huzuni katika vijiji hivyo, hapakuwa na daktari aliyetumwa kuihesabu.

Carothers alikosea wapi? Si katika kujumlisha. Alikosea mahali pa kukaa. Mathari ilipokea watu walioletwa na polisi na machifu, na hao waliletwa kwa sababu walipiga watu, au walipiga kelele, au walitembea uchi sokoni. Mtu aliyeketi pembeni mwa nyumba, hali, hasemi, halali, hakumsumbua chifu. Naye chifu hakumpeleka popote. Kwa hiyo daktari aliwahesabu waliopiga kelele, akadhani amewahesabu wote. Huko Ghana mwanamke Mwingereza, Margaret Field, alifanya kinyume chake. Hakungoja hospitalini. Alikwenda kukaa kwenye mahali pa ibada vijijini, ambapo watu wenye shida walikuja kuungama na kuomba, na katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba aliwakuta wanawake wengi wenye huzuni nzito, wakijilaumu wenyewe, hata wakijiita wachawi. Wale ambao Carothers alisema hawapo walikuwapo, ila hawakuwa wakipita njia ya hospitali.

Mwaka huohuo wa 1960 Paul Bohannan alitoa kitabu juu ya mauaji na kujiua katika Afrika, pamoja na wenzake waliosoma mafaili ya mahakama na ya uchunguzi wa vifo. Wajaluo na Waluhya wa Kenya wamo. Wasoga, Wagisu, Wanyoro na Waaluri wa Uganda wamo. Kitabu hicho kiliondoa ile dhana ya kwamba Mwafrika hajui kujiua. Lakini Wakikuyu hawana sura yao humo, wala vijana wa umri wa shule hawakupewa yao. Mafaili yalikuwa mafaili ya wafu, na wafu wengi waliofika katika mafaili walikuwa watu wazima.

Jambo hili la kutegemea mafaili ya wafu lilikuwa la zamani. Mfaransa Émile Durkheim alipoandika kitabu chake mashuhuri juu ya kujiua mwaka 1897, mpwa wake Marcel Mauss alimsaidia kupanga mafaili yapatayo 26,000, kila moja likiwa la mtu aliyekufa. Aliona kwamba katika Ulaya wanaume walizidi wanawake, na wazee waliwazidi vijana. Akafundisha jambo ambalo elimu ya jamii imelishika mpaka leo: kwamba tendo hili, ambalo laonekana kuwa la mtu mmoja peke yake chumbani, lina uhusiano na jinsi jamii inavyomshika mtu au kumwachilia. Lakini faili la marehemu haliwezi kueleza ni wangapi waliowaza na wasitende. Kwa hao yafaa kuwauliza walio hai.

Hayo yalifanyika Kenya mwaka 2003. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kuzisaidia nchi nyingi kuwauliza wanafunzi juu ya afya yao. Shule zilichaguliwa kwa kura, wanafunzi wakapewa karatasi, na hakuna aliyetakiwa kuandika jina lake. Swali moja lilikuwa kama mwanafunzi, katika miezi kumi na miwili iliyopita, aliwahi kuwaza kwa dhati kujiua. Kati ya wanafunzi wa Kenya wa miaka 13 hadi 15, zaidi ya mmoja kwa kila wanne alijibu ndiyo. Uganda ilipouliza mwaka huohuo ilipata kama mmoja kwa watano. Miaka hamsini tu ilikuwa imepita tangu kitabu cha Carothers.

Msomaji asishtuke kupita kiasi kwa hesabu hiyo. Kuwaza si kutenda. Walio wengi kati ya wawazao hawajaribu kamwe, na wazo lenyewe huja na kupita kama homa, hasa mtu akipata wa kumwambia. Nchini Kenya mtoto au kijana aliye katika dhiki aweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116, ambayo ni ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Lakini tazama jinsi jibu lilivyopatikana. Watoto walewale ambao hawakumwambia mama, wala mwalimu, wala padre, waliiambia karatasi isiyo na jina. Uchunguzi wa namna hiyo katika nchi za Afrika ulionyesha pia mambo yaliyoandamana na mawazo hayo mara kwa mara: upweke, kuonewa na wenzao, na wasiwasi unaomnyima mtu usingizi. Hayo humpata mvulana na msichana pia.

Hapa ndipo tofauti inapoanza kutatiza. Hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zaonyesha kwamba katika Kenya, kwa kila wanaume 100,000, watu 9.1 walikufa kwa kujiua, na kwa kila wanawake 100,000, watu 3.2. Hiyo ni hesabu ya watu wa umri wote, nayo ni karibu mara tatu. Lakini katika nchi nyingi, vijana wanapoulizwa wenyewe, wasichana ndio aghalabu wanaosema zaidi kwamba waliwaza au kujaribu. Mwaka 1998 wataalamu wawili, Silvia Canetto na Isaac Sakinofsky, waliuita mgongano huo kuwa ni kitendawili, na jina hilo limebaki. Wanaosema zaidi ni wasichana. Wanaokufa zaidi ni wavulana.

Wako watu wanaosema kwamba ndivyo Mungu alivyowaumba: mwanamke hulia, mwanamume hutenda. Historia yawakatalia. Katika vijiji vya China, mnamo miaka ya 1990, wanawake, hasa wenye umri mdogo, walikufa kwa njia hii kuliko wanaume. Baadaye, wengi walipohamia mijini na kupata kazi na fedha zao wenyewe, vifo vyao vilipungua sana. Kama tofauti ingekuwa katika damu, isingegeuka katika muda wa miaka ishirini. Kilichogeuka ni maisha.

Basi tuyaangalie maisha ya huku kwetu. Katika boma la Mkikuyu wa zamani wasichana walilala kiriri, chumba kilichokuwa ndani ya nyumba ya mama, na mazungumzo yao ya usiku yalisikiwa na mama na bibi. Mvulana akikua aliondoka jikoni, akaenda thingira, nyumba ya baba, ambako alifundishwa kusikiliza kuliko kusema. Siku ya tohara alisimama mbele ya watu, na aibu kubwa kupita zote ilikuwa kukunja uso. Malezi hayo yalikuwa na maana katika nchi iliyohitaji askari. Tena yalikuwa na dawa yake ndani yake: kila mtahiriwa alikuwa na mutiiri, mtu mzima aliyemshika siku ya kisu na kumwongoza baadaye, na alikuwa na rika lake, wenzake wa mwaka mmoja, ambao kwao hakuhitaji kuwa jasiri kila saa.

Kwa maoni yangu, kilichotokea katika karne moja iliyopita ni kwamba nusu ya malezi hayo ilibaki na nusu ikaondoka. Amri ya kutolia imebaki. Mutiiri amekuwa mtu wa wiki chache, na mahali pengine hayupo kabisa. Rika limekuwa darasa, na katika darasa wenzako ni washindani wako wa mtihani. Thingira imekuwa bweni la wavulana themanini na mwalimu mmoja. Na baba aliyefanya kazi Nairobi au Thika alirudi mwisho wa mwezi. Msichana amepata taabu zake nyingine, nzito pengine kuliko za kaka yake. Mimba za utotoni, kazi za nyumbani zisizokwisha, na watu wazima wenye nia mbaya, hayo si mambo madogo. Lakini mara nyingi hajanyang'anywa haki ya kusema kwamba anaumia. Ndiyo maana karatasi zisizo na jina, na hata masikio ya walimu, humsikia yeye zaidi. Kaka yake yuko pembeni mwa nyumba, hali, hasemi, halali. Ni yule yule ambaye Carothers hakumwona.

Mwaka 2021 idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya ilitangaza kwamba katika miezi mitatu, Aprili hadi Juni, watu 483 walikufa kwa kujiua. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 9, na mkubwa 76. Eneo la Kati, ambamo Murang'a na Nyeri zimo, lilitajwa kuwa la kwanza. Magazeti yalilipokea jambo hilo kwa kelele, na wengi wakauliza wenyeji wa Mlima Kenya wamepatwa na nini. Swali hilo ni la haki, lakini mwanafunzi wa historia ana lake la kutangulia: hesabu hii imepita mikono gani? Mtu afapo nyumbani kijijini, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye huandika. Mahali penye barabara, vituo vya polisi na ofisi za karibu, vifo vingi huandikwa. Mahali pa mbali vingi hupotea. Na hata ofisi ikiwa karibu, jamaa aweza kumsihi mwandishi ataje ugonjwa, kwa sababu ya mababu, ya kanisa na ya sheria. Yamkini Kati lazidi kweli. Yamkini pia kwamba ni mahali ambapo kimya kimeanza kupasuka mapema. Mimi naona yote mawili yaweza kuwa kweli pamoja.

Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima juu ya afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17. Katika kila mia, vijana 44 walikuwa na tatizo fulani la akili katika mwaka uliotangulia, na kama 12 walikuwa na ugonjwa kamili kwa kipimo cha madaktari. Safari hii waliulizwa vijana pamoja na mzazi au mlezi wa kila mmoja. Hilo tu ni badiliko kubwa, kwa kuwa zamani aliulizwa mzazi peke yake, au hakuulizwa mtu.

Sheria ilikuwa ya mwisho kusogea. Mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilishauri kwamba kujaribu kujiua kusiwe kosa la jinai tena. Bunge halikukifuta kifungu hicho. Mwaka 2022 sheria mpya ya watoto ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo, mtoto wa miaka 9 aliyejaribu kujitoa uhai angeweza kisheria kufikishwa mbele ya hakimu. Tume ya taifa ya haki za binadamu, chama cha madaktari wa maradhi ya akili, na mwananchi mmoja wakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 9 Januari 2025, huko Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinapingana na Katiba ya mwaka 2010, kwa kuwa chamwadhibu mtu kwa ajili ya ugonjwa, na kumwondolea heshima yake na haki yake ya matibabu.

Hukumu ile haikuwataja vijana wa Kangema. Lakini mpaka siku ile, mwalimu wa shule ya bweni aliyeambiwa na mwanafunzi wake kwamba amejaribu alikuwa, kwa maneno ya sheria, amepokea ungamo la kosa. Mwalimu mwema hakwenda polisi. Aliogopa, akanyamaza, akamwomba na mtoto anyamaze. Sasa mwalimu huyo aweza kumshika mtoto mkono na kushuka naye mpaka zahanati, na muuguzi aweza kuandika katika kitabu chake sababu iliyomleta.